Mwaka Niliokuwa Nusu Mke

Siku tuliyomzika mume wangu, sheikh aliyepewa kipaza sauti alimsifu kwamba Idrisa alikuwa mtu asiyejua kuyumba. Sisi wanawake tulikuwa ndani kwenye mikeka, sauti ikitufikia kwa kukatikakatika dirishani, na mimi nikavuta kanga usoni nikacheka. Waliokuwa jirani yangu walidhani kilio kimenizidi, wakanishika mabega, mmoja akaniambia nimkumbuke Mungu. Mungu nilikuwa namkumbuka vizuri tu. Nilicheka kwa sababu yule sheikh ni kijana, na enzi nitakazozisema alikuwa bado ananyonya. Hakuna aliyempa habari kwamba marehemu kuna mwaka aliyumba mpaka nikaogopa ataanguka nami, pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni. Sasa nimekaa eda, sitoki, wageni wamepungua, binti yangu ananiletea chai na inapoa mbele yangu. Nimekuwa namwaza mume wangu si alivyokuwa mzee, bali alivyokuwa mwaka ule, amesimama mlangoni na ndoo ya mapanki mkononi, hajui aingie au abaki nje.

Tulikuwa tumepanga chumba Mkuyuni, katika nyumba ndefu yenye korido katikati na vyumba huku na huku, bomba na choo vikiwa uani. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, meza, kabati la vyombo lenye kioo kilichopasuka, na jiko la mafuta ambalo nililiweka chini ya dirisha ili moshi utoke. Ukuta haukufika darini. Ukipiga chafya, wa chumba cha tatu alikuambia afya. Mkabala na sisi alikaa Mama Koku, Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki wa kweli, mpishi wa ndizi na maharage ambaye mchana harufu ya sufuria yake ilinitoa machozi. Ulikuwa wakati ambao viwanda vya zamani vilikuwa vinafunga milango kimoja baada ya kingine, na watu ambao maisha yao yote hawakuwahi kuuza kitu walikuwa wamekaa barazani wanauza mitumba, betri na sabuni za kukata. Ziwani magugu maji yalikuwa yamejaa hadi wavuvi wanasukuma mitumbwi kama wanaopita shambani. Sangara wakaanza kukatwa minofu viwandani na kupakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na sisi wa Mwanza tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Nimeyapika mapanki kwa nyanya, kwa karanga, kwa mlenda, na nimeyakaanga. Hakuna namna ya mapanki nisiyoijua.

Idrisa alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo kabla hakijapunguza watu. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya meza yenye taa chini yake, kitambaa kikapita, yeye akatafuta uzi uliokatika. Nadhani kazi ile ilimharibu. Mtu akizoezwa miaka kutafuta kasoro, akiikosa anaona yeye ndiye hakuangalia vizuri. Alipopunguzwa kazini alikaa miezi kadhaa bila shughuli, na ndipo akaanza kuhudhuria darasa la Maalim Hamadi, fundi cherehani wa hapo hapo Mkuyuni, ambaye baada ya alasiri alifunga duka lake akafundisha msikitini. Nami nilikwenda, nikikaa nyuma ya pazia na wanawake wachache. Nilikuwa nimesilimu ili niolewe naye, dini ilikuwa mpya kwangu kama viatu vya Idi, na nilitaka kuijua. Msimu ule Maalim alikuwa anasomesha zile kanuni tano ambazo wanazuoni wamezijengea fiqhi. Mambo huhukumiwa kwa makusudio yake. Yakini haiondolewi na shaka. Uzito huleta wepesi. Madhara huondolewa. Ada, yaani desturi, ni hakimu. Nilizipenda kwa sababu hazikuwa nyingi, na kwa sababu Maalim alizieleza kwa vitu vya nyumbani. "Umetoka, mlango umeufunga kwa mkono wako," alisema siku ya kanuni ya pili. "Umefika sokoni, moyo unakwambia labda hukufunga. Ulichokifanya unakijua. Huo moyo unabahatisha. Nunua nyanya zako." Wanawake tulicheka nyuma ya pazia. Idrisa, aliyekuwa mbele, hakucheka. Aliniuliza tulipokuwa tunarudi kama mimi nilikuwa na uhakika mlango tumeufunga.

Baadaye lilikuja somo la talaka, na hapo ndipo balaa lilipoingia chumbani kwetu. Maalim alisema talaka ni neno ambalo hata ukilitamka kwa mzaha linashika. Kuanzia jioni ile mume wangu akawa mtu wa kuchunga ulimi. Hakutaka tena kutumia neno kuacha, hata kwa ndoo. Alikuwa anasema, "Ndoo nimeiweka bombani," "Mwavuli umebaki kazini." Nilimtania, nikamuuliza mvua nayo ikiacha kunyesha ataisemaje. Akanikazia macho. Nilikuwa bado naona ni jambo la kuchekesha, na wakati huo alikuwa ameshapata kazi kiwanda cha samaki, kwenye chumba cha baridi, anapanga minofu kwenye maboksi. Nikasema moyoni kwamba kazi imepatikana, wasiwasi utapungua.

Asubuhi tuliyogombana, sababu ilikuwa harusi ya mdogo wangu, kwetu Misungwi. Ilikuwa ya kanisani, naye hakutaka niende, akisema sina uimara bado na ndugu watanirudisha. Nikamjibu kwamba kama anaona Maalim Hamadi peke yake ndiye mwenye uimara, basi akaolewe na Maalim. Lilikuwa jibu baya, na nilijua ni baya likiwa bado mdomoni. Akaondoka bila kunywa uji. Na mimi asubuhi ile ile nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba nina mimba. Nilikaa siku nzima namngoja, nimepika ugali wa muhogo na sato mzima, si mapanki, ili nimwombe radhi kisha nimpe habari. Alirudi jua likiwa bado juu. Hakuingia. Alisimama mlangoni na ndoo yake.

"Rehema, kaa huko huko kwanza," alisema.

Nikamuuliza amepatwa na nini.

"Sijui kama nimekuacha."

Nilikuwa sijamsikia akilitaja neno hilo kwa muda mrefu, na ndiyo maana liliniogopesha. Nikajaribu kucheka. "Utamwachaje mtu usijue?"

Akanieleza pale pale mlangoni, kwa sauti ya chini, ingawa katika nyumba ile sauti ya chini na ya juu zilikuwa sawa. Alikuwa kwenye chumba cha baridi, mashine zinanguruma, hasira dhidi yangu bado imemkaa kifuani. Maneno yakampitia: nimemwacha, kwa talaka tatu. Lakini yalipita wapi? Yakipita moyoni tu, hayana hukumu. Yakipita ulimini, mimi si mke wake, wala hawezi kunirudia mpaka niolewe na mwanamume mwingine na ndoa hiyo ife. Na midomo yake ilikuwa imekufa ganzi kwa ile baridi. Hakuhisi kama ilisogea. Masikio yalijaa ngurumo, mwenzake wa karibu alikuwa amempa mgongo. "Nilipotoka nje niliigusa midomo," alisema, "lakini ilikuwa haina habari yoyote." Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kupita. Huyu alikuwa mkaguzi, na uzi umekatika asiuone.

Jioni ile alifunga kamba kutoka kwenye msumari wa dirisha hadi kwenye kabati, akatundika shuka la bluu. Kitanda kikawa upande wangu, yeye akawa na godoro la sponji upande wa mlango. Alisema ni tahadhari tu mpaka apate fatwa. Tahadhari ile ilikaa miezi. Alikuwa akitoka kazini anabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, anangoja nijifunike ushungi, ndipo anaingia akiangalia sakafu. Chakula nilikuwa nakipitisha chini ya shuka. Nilipomwambia habari ya mimba ilikuwa kupitia shuka lile, nikiwa nimekaa kitandani naona kivuli chake tu. Nikasikia analia kwa furaha, anamshukuru Mungu, na machozi hayajakauka akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Basi kama ilitokea, eda yako ni mpaka utakapojifungua." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ananitafutia uhalali wa kukaa. Lakini mimi nilielewa kwamba nimepewa tarehe ya mwisho. Siku mtoto atakapotoka tumboni, mimi nami nitoke nyumbani. Nilianza kuogopa tumbo langu. Kila nguo iliyonibana ilinikata maini, na mtoto alipoanza kucheza, badala ya kufurahi nilikuwa namsihi atulie, asiharakishe.

Usidhani hakutafuta jibu. Alitafuta kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alikwenda kwa sheikh wa Nyegezi, akaenda kwa wa mjini, akavuka mpaka Kirumba. Kila mara alirudi uso umefunguka, anasema, "Amenijibu kwamba yakini haiondolewi na shaka. Ndoa ni yakini, talaka ni shaka. Imekwisha." Siku hiyo shuka lilivutwa pembeni, tulikula sahani moja, aliniuliza mtoto anacheza upande gani. Kesho yake au ya pili, tonge likiwa njiani kwenda mdomoni, alisimama. "Lakini sikumwambia habari ya ganzi," alisema. Au: "Sikumwambia kwamba nilikuwa na hasira. Labda hukumu inabadilika." Na shuka likarudi. Nilikuja kuchukia zaidi zile siku za sahani moja, kwa sababu nilikuwa nakula huku nasikiliza anavyotafuna. Akipunguza kutafuna, moyo unaniruka.

Mama Koku alikuwa ameshasikia yote bila kuambiwa. Alinikuta bombani, akaniweka pembeni. "Mdogo wangu, huyo bwana wako anabisha hodi kwake kama karani wa sensa, ana nini?" Nikamweleza kwa kifupi. Alifikiri huku ndoo yake ikifurika. "Sisi padri akishafunga, amefunga, hata ukipiga kelele juu ya paa," alisema. Kisha akaona sura yangu, akaongeza taratibu kwamba lakini kwao nako wapo wanaokwenda kuungama dhambi moja kila Jumamosi mpaka padri anawafukuza. Mchana ule alinipa bakuli la ndizi, nikalila lote nimesimama. Nimesali naye kitongoji kimoja maisha yote, kila mmoja kwa njia yake, na hakuna mtu aliyeniambia jambo la maana zaidi mwaka ule kuliko hilo la padri na Jumamosi, ingawa sikulielewa mpaka baadaye.

Jambo lililonivunja si shuka. Tulikuwa tunarudi sokoni, yeye mbele mimi nyuma na kapu, tukakutana na mwenzake wa kiwanda cha nguo. Wakakumbatiana, wakaulizana habari za kazi. Yule mtu akaniangalia kwa furaha akauliza, "Na huyu ndiye shemeji?" Idrisa akafungua mdomo, akaufunga. "Huyu ni Rehema," alisema. "Tunakaa nyumba moja." Mwenzake akacheka akidhani ni utani, na mimi nikacheka ili mume wangu asiaibike. Nyumbani sikumpitishia chakula. Kesho yake alipokwenda kazini nilivaa vizuri, nikaenda mwenyewe kwa Maalim Hamadi, jambo ambalo Idrisa alikuwa amenikataza kwa kusema masuala ya talaka ni ya mwanamume kuyauliza.

Maalim alikuwa anashona upindo wa suruali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kigoda. Nilijieleza kwa shida, tumbo limenibana, na nilimalizia kwa kumwuliza kama kweli ni lazima niondoke nikijifungua. Aliuondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Mwanangu, unasema habari hii ni ya nani?"

"Ya Idrisa, Maalim. Si amekuuliza? Ameniambia amekuuliza mara nyingi."

"Ameniuliza," alisema Maalim. "Ameniuliza habari za mtu mmoja, rafiki yake, anakaa Igoma."

Nilijiinamia pale kwenye kigoda. Kumbe huko kote alikokwenda, kwa aibu, alikuwa anauliza kwa ajili ya mtu wa Igoma. Kila jibu alilopewa lilikuwa la mtu huyo, ambaye hayupo, na lilipofika Mkuyuni alikuwa hana hakika kama linamhusu. Nilimkasirikia vibaya sana, na wakati huo huo nilimwonea huruma hadi nikashindwa kunyanyuka. Maalim akamtuma fundi mwenzake akamngojee Idrisa njiani atakapotoka kazini.

Alikuja ananuka samaki, akaniona, akasimama palepale mlangoni. Maalim hakumkaripia. Alimwambia akae, akamuuliza kama anavyowauliza watoto wa chuo.

"Huyu ulimwoa?"

"Nilimwoa, Maalim. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Ulimwacha?"

"Hilo ndilo silijui."

"Basi hujamwacha. Nakujibu wewe Idrisa, sijamjibu mtu wa Igoma."

Idrisa aliinamisha kichwa. Halafu akasema neno ambalo hakuwahi kunieleza mimi. "Maalim, na kama nilisema kweli? Nitaishi na mwanamke ambaye si wangu miaka yote, nizae naye, nife, nifufuliwe na hilo. Mimi siogopi kumkosa peke yake. Naogopa kumpata kwa haramu." Alisema hivyo akilia mbele yangu, bila kujificha. Na mimi niliyekuja na hasira nikajua kwamba mtu huyu hakuwa ananikimbia. Alikuwa ananitaka kwa uhalali unaozidi uwezo wa binadamu kuuthibitisha.

Maalim aliiweka kando ile suruali. "Umesoma kwangu kanuni ile ya pili," alisema. "Ukadhani inasema shaka itakutoka. Haisemi hivyo. Inasema shaka ikija, haina mamlaka ya kuiondoa yakini. Inaweza kukaa hapo mpaka ufe. Wewe unataka iondoke kwanza ndipo ufuate hukumu. Utangoja sana." Kisha akanionyesha kwa mkono. "Na ile ya nne umeisahau. Madhara huondolewa. Muangalie mwenzio alivyo. Ukija kuniuliza tena jambo hili sitakujibu, na usimuulize mwingine. Kuuliza kwako ndiko madhara sasa. Nenda na mkeo nyumbani."

Ningependa kuandika kwamba tulirudi tukalichoma shuka. Haikuwa hivyo. Alibisha hodi kama kawaida, nami nikiwa nimesimama kando yake nje. Shuka lilibaki. Siku kadhaa baadaye nililishusha mwenyewe alipokuwa kazini, nikalifua, nikalikata vipande vya kumpokelea mtoto, nikavianika uani. Aliporudi aliviona kwenye kamba. Akasimama navyo muda mrefu, akavigusa kimoja kimoja, akaingia ndani akaniambia vimekauka. Lakini godoro lake lilikaa pale pale karibu na mlango, na mimi sikuthubutu kumwambia alisogeze. Hakuuliza tena, hilo ni kweli. Alikuwa anaumia waziwazi kwa kutouliza. Wakati mwingine alikuwa anaacha kula, ananitazama, mdomo umefunguka kidogo, na mimi natikisa kichwa, naye anaendelea kula. Sikujua siku yenyewe itakapofika atafanya nini. Nilifungasha nguo zangu kwenye begi dogo, nikajiambia ni za hospitali. Zilikuwa nyingi mno kwa hospitali.

Uchungu ulinianza asubuhi, Mama Koku akanipeleka, kwa kuwa Idrisa alikuwa zamu. Sitaeleza habari za kujifungua. Waliopitia wanajua, na wengine hawana haja. Salma alizaliwa kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha mwisho, chini ya dirisha, na wakati wauguzi wanashughulika naye nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba sasa hakuna tena kitu kinachonishikilia. Kama kuna eda, imekwisha. Begi lilikuwa miguuni kwangu. Mtoto aliletwa, nikamshika, nikaona pua ya baba yake, na hofu ilinijaa mpaka muuguzi akaniuliza kama nasikia baridi.

Ndipo nikasikia kishindo cha mtu aliyekuwa anakimbia nje ya dirisha, na sauti ya mlinzi ikimzuia. Wodi ile wanaume hawakuruhusiwa kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Mlinzi alikuwa mkali, Msukuma wa kwetu kwa lafudhi, asiye na haraka.

"Simama hapo, baba. Unamtaka nani?"

"Rehema. Wa Mkuyuni. Amekuja asubuhi."

"Wewe ni nani kwake?"

Nikazuia pumzi. Akilini nilimwona tena yule mwenzake wa njia ya sokoni, nikaona mdomo wa Idrisa ukifunguka na kufungwa, na nikamfunika mtoto sikio kwa kiganja, kama vile angeelewa.

"Mume wake," alisema Idrisa. Alisema mara moja, bila kusita, na mlinzi alipomwambia angoje, alirudia kwa sauti iliyosikika wodi nzima kwamba yeye ni mume wake na atangoja hapo hapo.